Madereva tunaolindana kwa trafiki, tuwalinde na watoto

Ukitoka Kisongo kuja mjini asubuhi, dereva anayekuja mbele yako akikuwashia taa mara mbili, unajua trafiki wako karibu. Papo hapo mguu unatoka kwenye mafuta, mkanda unavutwa, simu inashuka sikioni, na kwenye daladala konda anawaambia waliosimama wainame. Unamnyanyulia kiganja mtu usiyemjua kumshukuru. Ukishawapita askari, nawe unawawashia wanaokuja upande wa pili. Nimeendesha gari katika mji huu kwa miaka mingi, na sijaona ushirikiano wa watu wasiofahamiana unaofanya kazi vizuri kama huu. Mwenye Noah anamlinda mwenye lori, dereva wa daladala anamlinda mwenye gari la watalii, na hakuna anayedai malipo.

Ishara hiyo hiyo sijaona ikitumika kumlinda mtoto. Hakuna anayewasha taa kuwaambia wenzake kwamba mbele kuna wanafunzi wanavuka. Tunaonyana kuhusu faini ya shilingi 30,000, na uhai wa mtoto wa darasa la kwanza tunamwachia mwenyewe autetee. Kwa sababu hiyo siwaamini tena wanaosema madereva wetu hawana elimu au hawana utu. Elimu wanayo, na utu wanao. Tatizo ni kwamba vyote viwili tumeamua kumpa mwenye usukani mwenzetu peke yake.

Nasema haya nikiwa dereva. Kazi yangu ni kuendesha gari la shule, na nyumbani kwangu ni Olasiti, upande huu wa magharibi wa Jiji la Arusha ambako kila mwaka nyumba mpya zinaingia mashambani. Saa kumi na moja na nusu alfajiri naanza kukusanya watoto kwenye njia za ndani, zile za udongo mweusi, halafu naibukia baipasi, kisha barabara ya Dodoma. Matroni anakaa karibu na mlango, na watoto wengi wanamalizia usingizi begani kwa wenzao. Mzazi anayenikabidhi mtoto gizani hajui kama nililala vizuri, wala hajui breki zangu zikoje. Ananiamini. Nami nikishaingia barabarani nalazimika kuwaamini wengine wote waliomo humo, na kila siku naona jinsi wanavyoichezea imani hiyo.

Nianze na zebra, maana hapo ndipo dharau yetu inaonekana waziwazi. Nikisimama kuwaachia watoto wavuke, honi huanza kulia nyuma yangu kabla mtoto wa kwanza hajakanyaga lami. Asubuhi moja ya Julai, wakati wa ile baridi yetu ya manyunyu na ukungu, nilisimama kwenye zebra barabara kuu. Matroni akashuka, akawashika mikono wawili wa mbele, wakaanza kuvuka. Gari la kitalii lililokuwa nyuma yangu likachomoka, likanipita kulia kwa kasi. Matroni alimwokoa mtoto mmoja kwa kumvuta mkoba wa mgongoni. Lile gari likasimama mbele kidogo, nikadhani dereva anataka kuomba radhi. Alishusha kioo akaniuliza, "Mama, unasimamaje katikati ya barabara?"

Dereva yule hakuwa amelewa, wala hakuwa mgeni wa kazi. Ni mtu anayewapeleka watalii Ngorongoro na Serengeti. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na mnyama ndiye mwenye njia. Huko dereva huyo huyo anazima injini na kusubiri kwa utulivu mpaka tembo na ndama wake wavuke, na hathubutu kuwapigia honi. Sheria yetu inaweka kilomita 50 hizo hizo kwenye maeneo ya makazi, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva ampishe mtu aliyeko kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Kwa hiyo subira anayo na sheria anaijua. Anachokosa ni kumwona mtoto wa Olasiti kuwa anastahili heshima anayopewa ndama wa tembo.

Kulipita gari lililosimama kwenye zebra ni kosa baya kuliko watu wanavyodhani, na nataka nilieleze kwa utaratibu. Mtoto wa miaka sita akipita mbele ya Hiace yangu, dereva wa nyuma hamwoni kabisa, kwa sababu gari langu limemkinga. Mtoto naye haoni kinachokuja. Ameona gari moja limesimama, amefundishwa kwamba gari likisimama avuke, basi anavuka kwa kujiamini. Anapotokeza kwenye pembe ya gari langu, anayenipita yuko hatua chache tu kutoka kwake. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kwa kila sekunde moja, na likiwa na kilomita 80 linakwenda mita 22. Sekunde hiyo moja ndiyo dereva anayoitumia kushtuka, kabla mguu haujagusa breki. Hata dereva hodari hana la kufanya hapo. Uhodari wake ulitakiwa uonekane mapema zaidi, alipoona gari la shule limesimama akajiuliza kwa nini limesimama.

Waswahili wana methali isemayo mwenye nguvu mpishe. Barabarani tumeigeuza methali hiyo kuwa sheria. Lori linapishwa na Land Cruiser, Land Cruiser inapishwa na Noah, Noah inapishwa na bodaboda, na bodaboda anampigia honi mwenda kwa miguu aruke mtaroni. Sheria iliyoandikwa inasema kinyume chake: mwenye chuma kizito ndiye mwenye wajibu mkubwa. Tabia nyingine zote zinazoniudhi zinatoka kwenye kosa hilo la kupindua mpangilio.

Chukua kutanua. Foleni ikisimama Mbauda au Majengo, kuna madereva ambao hawawezi kuvumilia kusubiri kama wenzao. Wanatoka kwenye mstari, wanakanyaga pembezoni mwa barabara ambako watu wanatembea, wanakwenda kuchomekea mbele. Wakifika mbele, foleni inakaza zaidi, kwa sababu sasa pua tatu zinagombea nafasi ya gari moja. Kwangu mimi kutanua kuna ubaya mwingine. Mlango wa abiria wa Hiace uko kushoto. Mtoto akishuka, anashukia upande ambao bodaboda na daladala wanautumia kupenya. Matroni wangu amejifunza kushuka kwanza, kunyoosha mkono na kuuzuia upande huo kwa mwili wake mwenyewe, ndipo watoto wateremke. Sikumwagiza. Aliona mwenyewe kwamba bila hivyo kuna siku mtoto atagongwa akiwa anashuka mlangoni. Mwanamke aliyeajiriwa kuwalea watoto anageuka kuwa ukuta, kwa sababu chalii wa boda hawezi kusubiri mlango ufungwe.

Halafu kuna vumbi, jambo ambalo wanaoishi kwenye lami hawalijui uzito wake. Njia zetu nyingi za ndani Olasiti hazina lami. Kiangazi udongo unakuwa kama unga, na gari moja lenye mwendo mkali linaacha wingu linaloning'inia hewani muda mrefu baada ya lenyewe kupotea. Dereva amepandisha vioo. Anayebaki ndani ya wingu hilo ni mama anayekaanga maandazi kando ya njia, ni mzee anayesukuma baiskeli yenye madumu ya maji, ni wanafunzi waliofuliwa mashati meupe jana jioni kwa maji ya kununua. Kwenye gari langu kuna mtoto mwenye pumu. Tukipishana na gari la namna hiyo anaanza kukohoa, na wenzake wanakimbilia kufunga vioo bila kuambiwa, kwa sababu wanamjua. Masika yakifika, vumbi linageuka tope, na madereva wale wale wanapita kwenye madimbwi kwa mwendo ule ule. Nimeona mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani na tope hilo kabla hajafika shuleni, akilia njia nzima. Kupunguza mwendo mbele ya watu hao kungemgharimu dereva nusu dakika.

Taa nazo zimekuwa silaha. Alfajiri yetu ina giza, na siku za ukungu giza linakaa mpaka saa moja inakaribia. Magari mengi sasa yamefungwa taa za ziada nyeupe kali mbele na juu, zile za kutafutia njia porini, na wenye nazo wanaziwasha baipasi kama wako Loliondo usiku. Ukimwomba ashushe fulu kwa kuzima na kuwasha taa zako, anakujibu kwa kukuongezea. Macho yaliyopigwa na mwanga wa namna hiyo huchukua sekunde kadhaa kurudi, na nimekwishaeleza gari linakwenda umbali gani kwa sekunde moja. Ndani ya sekunde hizo ndipo wanapotokeza wafugaji wanaovusha ng'ombe na punda, na vibarua wanaowahi mjini kwa miguu, wengi wakiwa wamevaa nguo nyeusi au za rangi iliyoiva.

Mengine nitayataja kwa haraka, maana kila msomaji anayo orodha yake. Daladala kushusha abiria juu ya zebra yenyewe. Bodaboda kupita upande usio wake na mshikaki wa wanafunzi watatu nyuma. Dereva kukata kona bila indiketa, kana kwamba safari yake ni siri. Magari kuegeshwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, mama mwenye mtoto mgongoni akalazimika kushuka barabarani. Kuandika ujumbe kwenye simu huku gari linatembea.

Najua wako watakaosema haya ni maudhi madogo, tuzungumzie ajali kubwa. Mimi naendesha kwenye mji ulioomboleza ajali kubwa. Tarehe 6 Mei 2017 basi la Shule ya Lucky Vincent ya hapa Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu, likiwa na watoto wa darasa la saba waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa ujirani mwema. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Majeneza yao yalipangwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na wengi wetu tulisimama pale bila nguvu za kuzungumza. Tarehe 24 Februari 2024, Ngaramtoni eneo la Kibaoni, lori ambalo polisi walisema lilishindwa breki liligonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Aprili mwaka huo huo gari la shule lilisombwa na maji ya mafuriko huku Muriet, watoto wakafa. Tangu hapo, korongo likijaa maji nasimama mpaka yapungue. Na kila ninaposimama, walio nyuma yangu wananipigia honi niingie.

Honi hiyo ndiyo inayounganisha maudhi madogo na misiba mikubwa. Dereva anayeshinikizwa kila siku asisimame kwenye zebra, asisubiri kwenye foleni, asipunguze mwendo kwenye vumbi, anafundishwa polepole kwamba tahadhari ni aibu. Siku tahadhari inapohitajika kweli, hana mazoea nayo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2018, lilikadiria kwamba watu zaidi ya 16,000 walikufa kwenye barabara za Tanzania mwaka 2016. Shirika hilo hilo linasema ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo duniani kwa watu wa miaka 5 hadi 29, na zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Wengi wa hao hawafi kwenye ajali ambazo rais hutuma salamu za rambirambi. Wanakufa mmoja mmoja, kando ya barabara kama ya kwetu, na habari zao hazifiki gazetini.

Nawasikiliza pia wanaojitetea, kwa sababu utetezi wao una ukweli ndani yake. Dereva wa daladala ana hesabu ya tajiri. Jioni asipoifikisha, kesho gari linapewa mwingine. Bodaboda ana mkataba, na kila dakika ya foleni inakula fedha ya watoto wake. Madereva wanasema pia waenda kwa miguu wanakatiza popote, na ni kweli wapo wanaokatiza. Lakini hesabu ya tajiri haimlazimishi mtu kupita upande wa mlango wa gari la shule. Na huyu anayekatiza popote, mara nyingi ni kwa sababu zebra iko mbali, au amejaribu kusimama kwenye zebra akaona hakuna anayesimama, akaamua kukimbia pale anapoona nafasi. Kwa wamiliki wa daladala nina neno moja: ukipandisha hesabu kuliko barabara inavyoweza kutoa kwa mwendo halali, haraka ya dereva wako ni yako, na damu atakayoimwaga utakuwa na sehemu yako ndani yake.

Kwa Kikosi cha Usalama Barabarani nazungumza kwa heshima, maana nawaona wakisimama juani na mvuani. Mnanisimamisha, mnaangalia leseni, bima, stika, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za tahadhari. Mko sahihi, na gari langu linakuwa navyo. Lakini mtungi wa moto ukipungua nalipa shilingi 30,000, na aliyekaribia kumuua mtoto kwenye zebra anaondoka bila kuandikiwa chochote, kwa kuwa hakuna askari aliyekuwepo kumwona. Mwendo unapimwa kwa tochi mahali pale pale madereva wote wanapopajua, na taa zinawaonya. Naomba askari wawili tu wahame kutoka kwenye ukaguzi wa makaratasi, wasimame kwenye zebra zilizo karibu na shule kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, na tena watoto wanapotoka. Waandike kosa la kutompisha mvukaji, na kosa la kulipita gari lililosimama kwenye kivuko. Dereva wa Arusha akishajua kwamba hapo kuna faini, atawawashia wenzake taa, nao watapunguza mwendo. Hata hilo litawafaa watoto.

Barabara zenyewe nazo zinaweza kumsaidia dereva awe mwema. Baipasi yetu ina zaidi ya kilomita 42, kutoka upande wa Usa River hadi upande wa Ngaramtoni, na wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliizindua Julai 2022. Nia ilikuwa njema: malori ya masafa yasipite katikati ya mji. Lakini malori yaliyoondolewa mjini yalikuja kwetu, na barabara imepita kati ya makazi, watu wako huku, huduma ziko kule. Mtu aliyetoka Namanga akifika hapa anaona lami nyoofu, hajui kama yuko kwenye makazi. TANROADS wanaosimamia baipasi wanaweza kuweka matuta, alama zilizopakwa upya na njia za miguu mahali watoto wanapovuka. TARURA wanaosimamia njia za ndani wanaweza kuweka matuta hata kwenye barabara za udongo. Dar es Salaam, shirika la Amend lilipita shule kwa shule, likaangalia watoto wanavyotembea, likajenga vitu vya bei nafuu kama vivuko, matuta, vizuizi na njia za miguu. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross mwaka 2019. Tuzo hiyo ilikwenda kwa matuta na rangi za barabarani, vitu ambavyo mafundi wetu wanaviweza.

Na wewe abiria, una nguvu kuliko unavyojijua. Nchini Kenya, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walibandika ndani ya matatu za masafa marefu karatasi zinazowahimiza abiria wapaze sauti dereva akiendesha vibaya. Katika jaribio lao la kwanza, madai ya bima ya magari yaliyobandikwa yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Walipolirudia kwa magari mengi zaidi chini ya jina Zusha, yalipungua kwa robo hadi theluthi. Walichoongeza ndani ya gari ni sauti za watu waliokuwa wamekaa mle mle siku zote. Sisi tunapanda daladala, dereva anatanua, tunashika viti kwa nguvu na kunyamaza, eti tusimkere. Abiria mmoja akisema, "Dereva, punguza, humu kuna watu," wengine wataitikia. Nimeliona likitokea, na dereva alipunguza. Ukiwa umekodi gari la kitalii, au umempakia mgeni wako, una haki hiyo hiyo, tena zaidi, maana wewe ndiye unayelipa.

Mwaka 2027 nchi yetu, Kenya na Uganda zitapokea mashindano ya AFCON, na uwanja wa Arusha uko kata ya jirani, Olmoti. Magari yatakayopita hapa siku za mechi yatakuwa mengi kuliko tunavyoyajua leo. Tabia tulizozizoea zikikutana na umati huo, tutazika watu huku wageni wanaimba. Muda wa kuzibadilisha ni sasa, kabla ya mapambo na bendera.

Kaka zangu wa malori na wa magari ya watalii, wadogo zangu wa bodaboda, nanyi madada mnaoendesha magari yenu kuwahi kazini, ombi langu ni la vitendo. Ukikaribia zebra, toa mguu kwenye mafuta hata kama huoni mtu. Ukisimama, washa hazadi walio nyuma waelewe. Shusha fulu unapopishana na mwenzako. Kwenye vumbi na madimbwi, pita kwa mwendo ambao ungependa gari lipite mbele ya mama yako. Na gari lolote likisimama kwenye kivuko, liwe la shule au la mkaa, usilipite. Simama nyuma yake, subiri, mpaka uone kwa macho yako kwamba hakuna mtoto mbele yake.